Kipengele cha 7: shajara ya kitini cha Sayansi, Tanga, Februari hadi Septemba 2025

Jumatatu, 3 Februari

Mkataba ulisainiwa Ijumaa. Leo ndipo nimekaa nikausoma mwanzo hadi mwisho bila simu kunikatiza.

Kazi yenyewe tunaijua: kitini cha mwalimu wa Sayansi, darasa la tatu na la nne, majaribio ya kufanyia juu ya dawati kwa chupa za maji, mishumaa, ndimu, chumvi, udongo na uzi. Si kitabu cha kiada, wala hatushindani na Taasisi ya Elimu Tanzania. Waandishi watatu, mchoraji mmoja, mhasibu wa kuazima, na mimi mratibu. Fedha ni kodi za wananchi wa nchi moja ya Ulaya, zinapitia chuoni.

Kipengele cha 7 kina mistari minne tu. Kazi yote itakayoundwa kwa fedha hizi itatolewa kwa leseni ya Creative Commons ya aina ya CC BY, toleo la 4.0, na mafaili yanayoharirika yatawekwa hadharani ndani ya siku 30 baada ya kazi kukamilika. Maana yake, mtu yeyote ataweza kunakili, kugawa, kutafsiri, kubadilisha, hata kuuza, ilimradi awataje watunzi, aonyeshe leseni, na aseme kama amebadilisha kitu.

Mhasibu alikisoma mara mbili akaniuliza, "Madam, hiki kina fungu la fedha?" Hakina. Nilicheka. Naandika hapa kwamba nilicheka.

Jumanne, 4 Februari

Rasimu tuliyoombea fedha ilikuwa na viungo vitatu vya kwenda kwenye tovuti ya USAID, shirika la misaada la serikali ya Marekani. Tangu Jumamosi tovuti hiyo haifunguki. Siasa zao ni zao, lakini kwa upande wa kazi nimejifunza jambo: kuelekeza mwalimu kwenye kiungo ni kumwazima kitu ambacho hata wewe si chako. David Wiley, ambaye ndiye aliyepanga zile haki za nyenzo huria, yaani nyenzo za kujifunzia ambazo kila mtu ana ruhusa ya kuzitumia, zinazotajwa kila mahali (kutumia tena, kurekebisha, kuchanganya, kusambaza), mwaka 2014 aliongeza ya tano na kuiweka mbele ya zote: kubaki na nakala yako. Nilikuwa naiona kama nyongeza ya kunogesha orodha.

Nimefuta viungo vyote vitatu. Utaratibu mpya: tunachokitegemea tunakipakua, tunaandika kilikotoka na leseni yake, tunakiweka kwenye diski ya chuo. Kama leseni hairuhusu kukihifadhi na kukigawa, hatukitegemei.

Jumanne, 11 Februari

Kikao cha kwanza cha waandishi. Chai, mihogo ya kukaanga, na saa mbili na nusu kwenye mistari minne ya kipengele cha 7.

Mzee wetu wa Biolojia, mstaafu, mwalimu wa nusu ya walimu wa wilaya hii, ndiye aliyeanza. "Dada mratibu, tuelewane. Mimi niandike usiku na miwani yangu hii, halafu mtu wa Mbeya achukue, aweke jina lake?"

Nikamwambia jina lake ndilo sharti lenyewe. Akilifuta, ruhusa inakufa. Na hakimiliki haimtoki: chini ya Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki, namba 7 ya mwaka 1999, kazi yake inalindwa tangu inapoandikwa, bila kusajili popote. Anachokitoa kwenye leseni ni ruhusa kwa kila mtu, tena ruhusa ambayo hataweza kuirudisha mfukoni akibadili mawazo mwakani. Hapo alivua miwani. "Kumbe hili ni kama wakfu."

Si wakfu sawasawa, lakini nimemwachia. Ni maelezo bora kuliko yangu.

Mwandishi wa pili, mdogo kwetu sote, aliuliza swali gumu zaidi: kwa nini tulazimishwe? Kwa nini isiwe hiari? Nikamweleza ninavyojua. Marekani, kuanzia 2011, Wizara ya Kazi iligawa karibu dola bilioni 2 kwa vyuo vya jamii kuandaa kozi za ufundi na ajira, na sharti likawa CC BY kwa kila kitakachoandikwa kwa fedha hizo. Hoja yao ilikuwa ya dukani kabisa: mwananchi ameshalipia kozi ya uchomeleaji kuandikwa; kwa nini chuo cha jimbo la pili kiilipie tena kuandikwa? Januari 2017 Wizara ya Elimu ya huko ikaweka kanuni ya namna hiyo kwa ruzuku zake za ushindani. Kabla ya hapo, Juni 2012, Azimio la Paris la UNESCO lilizihimiza serikali zitoe kwa leseni huria nyenzo za elimu zinazotengenezwa kwa fedha za umma, na Novemba 2019 Mkutano Mkuu wa UNESCO ukapitisha Pendekezo lenye wito uleule. Pendekezo si sheria. Mkataba wenye saini na awamu tatu za malipo, huo unakaribia kuwa sheria.

"Kwa hiyo wao wanatulazimisha kwa sababu ni kodi yao," akasema. Ndiyo. "Na kodi yetu je?" Nikasema hilo halimo kwenye ajenda ya leo, ingawa ndilo lililopaswa kuwa ajenda.

Alhamisi, 20 Februari

Tumekwama, na tumekwama pazuri.

Sura ya mimea ilikuwa inategemea moduli za Sayansi za TESSA kwa Kiswahili. TESSA ni mpango wa elimu ya walimu Afrika kusini mwa Sahara, ulioanza 2005 chini ya Chuo Kikuu Huria cha Uingereza, na Chuo Kikuu Huria cha Tanzania ni miongoni mwa washirika wake. Moduli zao zina vitu ambavyo sisi tungechukua miezi kuvifikiria: mwalimu anatoa darasa nje, watoto wanapanga majani kwa namna wanayoijua wao kabla ya kuletewa majina ya kitabuni. Mwandishi wetu alikuwa ameshachukua kurasa sita na kuzirekebisha kwa mazingira ya Tanga: mikoko, minazi, mkonge.

Tatizo ni herufi mbili. Leseni ya TESSA ni CC BY-SA. Ile SA inasema: ukiibadilisha kazi yangu, toleo lako nalo ulitoe kwa masharti yaleyale. Mkataba wetu unasema CC BY, bila SA. Kitu cha CC BY kinaweza kuingia ndani ya kazi ya BY-SA, lakini kitu cha BY-SA hakigeuki kuwa CC BY kwa sababu tu mfadhili wangu anapenda hivyo. Ni kama kuazima shuka kwa jirani ukalikata nguo, kisha ukamwahidi mtu mwingine kwamba shuka ni lake.

Njia zilikuwa tatu. Kuandika kurasa sita upya bila kutazama za TESSA. Kumwomba mfadhili akubali kitini kizima kiwe BY-SA. Au kuzitoa kurasa hizo kwenye kitini na kuzifanya kijitabu cha pembeni chenye leseni ya BY-SA, kila kimoja kikisimama kwa miguu yake.

Nilimwandikia afisa wa mfadhili. Akajibu baada ya siku mbili, kwa adabu, kwamba hajawahi kuulizwa swali hilo. Leo amekubali njia ya tatu kwa maandishi. Nimechapa barua pepe yake na kuibandika kwenye jalada la mradi, kwa sababu maafisa huhama.

Ijumaa, 14 Machi

Mfungo. Ofisi inafungwa saa tisa, na mimi mwenyewe saa nane nimeshaisha.

Mchoraji wetu ni kijana wa Ngamiani, mkono wake una baraka. Akichora kuku, unasikia kuku. Tulikubaliana bei kwa kila mchoro mwezi uliopita, kwa mdomo, nimesimama mlangoni mwa kibanda chake. Kosa langu lilianzia hapo. Leo nimempelekea karatasi ya kusaini: kwamba anakubali michoro itolewe kwa CC BY, jina lake likitajwa.

"Shikamoo madam."

"Marahaba, mwanangu. Soma kwanza, usisaini kwa kuniheshimu mimi."

Akasoma. Akakaa kimya. Halafu akasema mche wa mahindi hawezi kuusaini. Kwa nini? Kwa sababu aliwahi kuuchora kwa mchapishaji mmoja wa vitabu, na karatasi aliyosaini kule ilisema haki zote zimehamia kwao. Kwangu alileta mchoro uleule, ameongeza kivuli na mnyoo mmoja kwenye udongo. "Mkono ni wangu, madam. Nilidhani na mchoro ni wangu."

Sikuwa na la kumlaumu. Hakuna aliyemweleza kule, na mimi sikumuuliza hapa. Nimemwambia achore mwingine, aangalie mche halisi badala ya karatasi yake ya zamani. Nyuma ya kibanda kuna shamba la jirani, mche upo. Kufika saa kumi na moja alikuwa ameshanitumia picha ya mchoro mpya kwa simu. Mizizi imekaa vizuri zaidi kuliko ya kwanza, kwa sababu safari hii aling'oa mche akaiona. (Jirani amelipwa shilingi 500 kwa mche. Mhasibu anataka risiti.)

Kisha akaniuliza bei. Kama watu watautumia mchoro wake milele bila kumrudia, kwa nini alipwe sawa na mchoro wa mara moja? Nimekubaliana naye. Leseni huria haimaanishi mchoraji ale hewa. Fedha za umma zinalipia kazi mara moja, basi hiyo mara moja ilipwe kama mara moja ya mwisho. Nimemwongezea nusu ya bei kwa kila mchoro, kutoka fungu la uchapaji. Nakala za karatasi zitapungua. Naona ni sawa, na nitajitetea mbele ya yeyote.

Jumatano, 9 Aprili

Jedwali la picha. Safu tano: jina la kazi, mtunzi, ilikotoka, leseni, imebadilishwa au la. Michoro na picha 46.

Thelathini na moja ni za kijana wetu, zote zimesainiwa. Sita nimepiga mwenyewe kwa simu. Tisa zilizobaki ndizo zimenila siku nzima. Waandishi waliziokota mtandaoni na wote watatu walijibu neno moja: "Google." Google si mtunzi. Nne sikuweza kujua zilikotoka, nimezifuta. Tatu zilikuwa za BY-NC, yaani marufuku kwa biashara. Nazo nimezifuta, kwa sababu kitini chetu kinaruhusu biashara na hatuwezi kugawa ruhusa tusiyopewa. Moja ilikuwa na alama ya kampuni ya kuuza picha katikati ya jani, na mwandishi aliikata kona akidhani tatizo limekwisha. Nilimpigia. Tulicheka, ila mimi nilicheka kidogo.

Ya tisa ndiyo furaha ya siku: mbu wa *Anopheles gambiae* akinyonya damu, tumbo limejaa, jekundu kama komamanga. Imetoka kwenye maktaba ya picha ya CDC, shirika la afya la serikali ya Marekani. Sheria yao inasema kazi ya mtumishi wa serikali kuu aliyoifanya kwa wadhifa wake haina hakimiliki kule kwao. Si kila picha ya maktaba ile iko hivyo, maana nyingine wamezipata kwa watu, ndiyo maana kila picha ina maelezo yake chini. Hii imeandikwa wazi kuwa ni mali ya umma. Mbu amebaki.

Na aya ya mzunguko wa maji imetoka Wikipedia ya Kiswahili, neno kwa neno. Wikipedia ni BY-SA, hadithi ile ile ya TESSA. Mwandishi ameiandika upya kwa maneno yake, na imekuwa nzuri kuliko ya kwanza: inaanza na sufuria ya wali na matone chini ya mfuniko.

Alhamisi, 15 Mei

Picha ya jalada: mtoto wa darasa la nne, ameinua chupa ya maji machafu juani, anatazama kwa jicho moja. Kila mtu anaipenda. Nimeiondoa.

Leseni ya CC BY inashughulikia hakimiliki ya mpiga picha, yaani mimi. Haigusi haki ya mtoto juu ya sura yake. Maandishi ya leseni yenyewe yanasema faragha na sura ya mtu havimo ndani. Na tangu ije Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, mambo ya kupiga watoto picha kwa ruhusa ya mdomo ya mwalimu mkuu yamekwisha, au yangepaswa kuwa yamekwisha. Nilikwenda nyumbani kwa mama yake. Alikubali haraka mno. Nilipomweleza kwamba picha ikishatoka kwa leseni hii, mtu wa nchi nyingine anaweza kuiweka kwenye bango la dawa ya kuhara bila kuvunja hakimiliki yangu, alinyamaza, akamwangalia mwanawe akicheza bao la mchanga uani. "Basi hapana, dada."

Jalada litakuwa na mikono tu na chupa. Kijana wa Ngamiani anachora.

Jumanne, 10 Juni

Nembo. Mfadhili anataka nembo yake jaladani, chuo kinataka yake, na mimi nataka kulala.

Nembo haziingii kwenye leseni. Leseni yenyewe inatenga alama za biashara, na inakataza mtu anayeitumia kazi kujifanya kwamba mtunzi amembariki. Sasa mwalimu wa Kigoma akibadilisha sura ya tatu na kuacha nembo jaladani, nembo inadhamini kitu ambacho mwenye nembo hajakiona.

Nimekumbuka walivyofanya Siyavula wa Afrika Kusini, wale ambao vitabu vyao vya Hisabati na Sayansi serikali ilivichapa mwaka 2012 na kuvipeleka shuleni. Walitoa matoleo mawili ya kitabu kilekile: moja lenye nembo za wadhamini, kwa leseni isiyoruhusu kubadilisha, na jingine tupu bila nembo, kwa CC BY. Akili ya mtu aliyewahi kuungua.

Sisi hatutaweka matoleo mawili ya PDF, hatuna nguvu hiyo. PDF itakuwa na nembo, na chini yake sentensi moja inayosema nembo haziko chini ya leseni na ziondolewe kwenye toleo lililobadilishwa. Faili la kuhariri halitakuwa na nembo kabisa.

Ijumaa, 4 Julai

Fundi wa kupanga kurasa ameleta kazi. Nzuri. PDF tu.

Nikamwomba faili la kupangia. Akashangaa kama nimemwomba nywila ya benki. Kwa mafundi wengi faili hilo ndilo duka lenyewe: ukitaka kubadili koma mwakani, urudi kwake. Simlaumu, ndivyo soko lilivyo, na mimi tena sikuandika kwenye makubaliano yake. Mara ya pili. Amelileta baada ya kuongezewa kidogo, na lilipofika nikagundua linafunguka kwenye programu ya kulipia ambayo hakuna shule ninayoijua inayo.

Hapa kipengele cha 7 kina akili kuliko nilivyokidhania. Ruhusa ya kubadilisha bila faili linalobadilika ni ruhusa ya kupaka ukuta rangi bila ngazi. Mtaala mpya umeanza 2024, mada zinahama madarasa. Mwalimu atataka kulipeleka jaribio la tatu kwenye sura ya tano, na kwa PDF atabaki kuliandika upya kwa mkono.

Tumekihamishia kitini LibreOffice, programu ya bure, hata kompyuta ya chuo ya mwaka wa shetani inaifungua. Mpangilio umeharibika. Majedwali yalitawanyika, michoro ikapanda juu ya maandishi, vichwa vya sura vikajificha mwisho wa kurasa. Mimi na mwandishi mdogo tunarekebisha kurasa tatu kwa siku.

Jumatatu, 21 Julai

Kimetoka. PDF, faili la kuhariri, michoro yote ya kijana wetu pekee kwenye folda moja, na jedwali la picha. Kijitabu cha mimea cha BY-SA kipo kando na leseni yake mwenyewe. Ukurasa wa mbele una majina ya waandishi, la mchoraji kwa herufi sawa na zao, leseni, na mfano wa namna ya kututaja, tayari kunakiliwa.

Ndani ya siku moja kilikuwa kwenye makundi ya WhatsApp ya walimu ambayo mimi mwenyewe simo.

Jumatano, 13 Agosti

Mzee wa Biolojia amenipigia saa kumi na mbili asubuhi. Hakusalimia. "Kinauzwa."

Steshenari moja karibu na stendi imekichapa kitini, imekibaindi kwa plastiki ya buluu, inauza shilingi 6,000. Nilikwenda nikiwa na Mzee. Mwenye duka ni mama wa makamo, mchangamfu, alitukaribisha viti. Mzee alianza kwa sauti ya darasani: "Mama, hii ni jasho letu."

Nikamkatiza, na haikuwa rahisi kumkatiza. Kuuza anaruhusiwa. Tulimruhusu wenyewe Januari, kwa saini. Kurasa 64, rangi, baindi, umeme wa luku. Ukitoa gharama sijui anabakiwa na nini, lakini walimu kumi na wanne wamenunua, na hao ni watu kumi na wanne wasio na printa ambao sisi tusingewafikia baada ya kupunguza fungu la uchapaji. Wengi katika kazi hizi wangeweka NC kuzuia hili hili. Mimi nilikuwa miongoni mwao. Nikiwa nimekaa pale dukani nikitazama mwalimu wa kike akihesabu noti za elfu mbili tatu, nimehama upande.

Lakini nilifungua nakala moja, na ukurasa wa mbele haumo. Kinaanza na sura ya kwanza. Hakuna waandishi, mchoraji wala leseni.

"Ah, ule ukurasa wa maneno mengi?" akasema mama. "Niliuruka kupunguza karatasi."

Hilo ndilo kosa, na ndilo pekee. Kwa toleo la 4.0, aliyevunja sharti ruhusa yake inakatika, ila akisahihisha ndani ya siku 30 tangu alipojua, inarudi yenyewe bila barua wala faini. Sikumwambia habari za siku 30. Nilimwambia: mama, Mzee huyu jina lake liko kwenye ukurasa ule. Akamwangalia Mzee, akaangalia kitini. "Kumbe ndiye wewe? Mbona umenifundishia mwanangu!"

Alichapa nakala ishirini za ukurasa ule palepale na kumpa binti yake azibane kwa stepla kwenye nakala zilizobaki. Mzee alinunua moja. Alikataa punguzo.

Jumanne, 2 Septemba

Barua pepe kutoka Wete, Pemba. Mwalimu amechukua faili la kuhariri na kutengeneza toleo lake. Udongo wa shambani ameubadilisha kwa mchanga wa pwani na tope la mikoko, amefuta mkonge, ameongeza jaribio la kupata chumvi kwa kuanika maji ya bahari kwenye kifuu. Ametutaja sawasawa, ameandika alichobadilisha, ameondoa nembo. Kama angekuwa anatahiniwa kwenye kipengele cha 7, angepata mia.

Mwishoni ana aya moja: "Samahanini wakubwa zangu, jaribio la 12 nimelisahihisha."

Jaribio la 12 ni mshumaa ndani ya sahani ya maji, umefunikwa kwa bilauri. Mshumaa unazimika, maji yanapanda ndani ya bilauri. Tuliandika kwamba maji hupanda kuchukua nafasi ya oksijeni iliyoteketea. Ndivyo nilivyofundishwa, ndivyo Mzee alivyofundisha miaka yote. Mwalimu wa Wete anasema sivyo. Moto unaipasha hewa joto, inatanuka, nyingine inatoroka kwa mapovu pembeni. Mshumaa ukizimika hewa iliyobaki inapoa na kusinyaa, na kani ya hewa ya nje inasukuma maji ndani. Oksijeni haiishi yote, na inayotumika inaacha kabonidayoksaidi mahali pake. Ushahidi ameuweka kama hatua ya ziada: washa mishumaa mitatu badala ya mmoja. Maji yanapanda zaidi, ilhali oksijeni iliyomo kwenye bilauri ni ileile.

Jumatano, 3 Septemba

Nimempelekea Mzee nyumbani, nimechapa kwa herufi kubwa. Alisoma amesimama. Kisha akamtuma mjukuu wake dukani akanunue mishumaa mitatu, akaenda jikoni mwenyewe kutafuta sahani.

Tulifanya barazani, upepo ukituzimia mara mbili. Mshumaa mmoja: maji yalipanda kidogo, upana wa kidole. Mishumaa mitatu: mapovu yalitoka pembeni ya bilauri, nikayaona kwa macho yangu, na moto ulipozimika maji yakapanda kwa kasi hadi karibu na vidole viwili na nusu. Mzee aliinama hadi pua ikakaribia kugusa bilauri.

"Rudia," akasema.

Tukarudia.

Toleo 1.1 linatoka Ijumaa. Jaribio la 12 limeandikwa upya kwa maneno ya mwalimu wa Wete, naye ametajwa. Ameridhia jina lake liwekwe. Kwenye orodha ya mabadiliko Mzee ameomba aandike mstari huo mwenyewe, na bado anaufuta na kuuandika.